Amana Mikononi Mwetu: Mhadhara juu ya Elimu na Maadili ya Kazi ya Ustawi wa Jamii



Nimepewa fursa ya kusema juu ya mambo mawili ambayo vitabu huyaweka katika sura mbalimbali, yaani elimu ambayo mtumishi wa ustawi wa jamii hana budi kuwa nayo, na maadili yanayomwongoza. Naomba ruhusa tangu mwanzo niyaseme kama jambo moja, kwa kuwa katika mtaa wa Kisumu Ndogo, ambapo nyumba na nyumba hutenganishwa kwa bati moja, na chumba cha futi kumi kwa kumi ndicho jiko, ndicho sebule, na ndicho malazi ya watu watano au sita, haiwezekani kumjua mtu bila ya kuigusa hadhi yake, wala haiwezekani kuihifadhi hadhi hiyo bila ya kumjua mwenyewe sawasawa. Kila tunachokijua juu ya mwenye shida tumekipata kwake, katika saa ya unyonge wake, alipokuwa hana la kufanya ila kutuamini. Basi elimu hiyo si mali yetu, ni amana yake iliyowekwa mikononi mwetu, na siku moja tutaulizwa tumeitumiaje.

Elimu ya kwanza ni ya mahali. Jina la Kisumu Ndogo lasikika Kibera na lasikika Korogocho vilevile, na kila mmoja hapa ajua kuwa limeletwa na watu waliotoka Nyanza kuja kutafuta riziki katika mji huu wa Nairobi. Lakini ardhi ya Kibera ilikuwa na wakazi kabla yao. Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, ambao leo twawaita Wanubi, waliwekwa hapa na serikali ya Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 ardhi hiyo, eka 4,197, ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Wao wakaishi juu yake kizazi baada ya kizazi bila ya hati iliyowahakikishia kuwa ni yao, huku eka zikimegwa kidogo kidogo kwa ajili ya mitaa ya watu wenye nafasi. Hati ya jamii waliipata mwaka 2017, nayo ilikuwa ya eka 288. Baina ya miaka hiyo miwili walikuja wapangaji kwa maelfu, vikajengwa vyumba vya udongo na mabati, ikazuka desturi ya mwenye nyumba asiyekuwa na hati kumtoza kodi mpangaji asiyekuwa na mkataba. Na mwishoni mwa mwaka 2001 ugomvi wa kodi uligeuka kuwa mapigano yaliyomwaga damu na kuwafukuza watu makwao.

Kwa nini nawakumbusha habari hizi chungu? Kwa sababu mtumishi kijana akiitwa leo kusuluhisha baina ya mama aliyefungiwa mlango na mwenye ploti anayedai kodi ya miezi mitatu, hudhani kwamba ameingia katika mabishano ya watu wawili, kumbe ameingia katika mashaka ya miaka mia moja. Akiyajua hayo atapima maneno yake, atajichunga asihesabiwe kuwa wa upande wa kabila hili au lile, na atafahamu kwamba yule mwenye ploti naye aghalabu ni mtu mwenye hofu, ambaye chumba hicho ndicho pensheni yake ya pekee.

Elimu ya pili ni ya idadi, nami nitakaa juu yake kidogo, maana imetutia katika dhambi ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni dhambi. Kwa miaka mingi iliandikwa ulimwenguni kote kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, na kwamba hakuna mtaa wa mabanda ulio mkubwa kuuzidi katika Afrika. Idadi hiyo ilinakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti, kutoka ombi la fedha hadi ombi la fedha, bila ya mtu kuuliza nani aliyehesabu. Sensa ya mwaka 2009 ilipotangazwa, watu waliohesabiwa Kibera walikuwa 170,070. Wapo waliobisha, na sensa yoyote katika mtaa ambao watu huhama kwa usiku mmoja yaweza kupungukiwa. Lakini tofauti baina ya laki moja na sabini elfu na milioni moja haiwezi kufasiriwa kwa makosa ya karani. Ukweli ni kwamba wengi walikuwa na haja ya idadi kubwa. Shida iliyotiwa chumvi iliwaletea wafadhili, nasi tukauza mbele ya wageni picha ya jirani zetu iliyo kubwa na mbaya kuliko walivyo, bila ya kuwaomba idhini yao.

Mwaka huohuo wa 2009 vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao wenyewe, katika kazi iliyoitwa Map Kibera, wakaonyesha vichochoro, vyoo, visima, shule, zahanati na nyumba za ibada, mahali ambapo ramani nyingi za mji zilikuwa zimeacha weupe mtupu. Naiheshimu sana kazi ile, kwa kuwa ilipata elimu bila ya kumvua mtu nguo: hakuna aliyepigwa picha akilia, wala mtoto aliyetajwa ugonjwa wake, na hata hivyo aliyeitazama ramani hiyo aliweza kujua ni wapi ambapo mwanamke hulazimika kwenda mbali usiku kutafuta choo. Kadhalika uchunguzi wa maradhi uliofanywa kwa miaka mingi katika vijiji jirani vya Gatwekera na Soweto Magharibi, ambapo wahudumu walizunguka nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za homa, kikohozi na kuharisha, ulidhihirisha kwamba homa ya matumbo iliwashika watoto wa Kibera zaidi kuliko wenzao wa Asembo, kule Siaya mashambani. Mtumishi wa ustawi aliyeyasoma hayo hatasema kuwa mama fulani ni mzembe kwa kuwa mwanawe hakosi kuugua. Atauliza kwanza bomba la maji la ploti lapita wapi, na kama lapita katika mtaro wa maji machafu, shutuma yake ataielekeza mahali pengine.

Hayo ndiyo aliyoyatafuta Mary Richmond wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1917, *Social Diagnosis*, kilikuwa cha kwanza kujaribu kuweka kanuni za kuchunguza hali ya mwenye shida kwa ushahidi badala ya dhana. Kabla yake mgawaji wa sadaka aliingia nyumbani, akatazama kama sakafu imefagiliwa, akaamua kama familia yastahili au haistahili. Nasikitika kusema kwamba desturi hiyo haijafa. Nimewaona watu wenye shahada wakihukumu kwa sakafu.

Na sasa nifike kwenye elimu ambayo kwangu mimi ni bora kuliko hizo zote, nayo ni kujua jinsi watu wenyewe wanavyotunzana kabla ya sisi kufika. Mwaka 2000 mjane mmoja, muuguzi kwa taaluma, Tabitha Festo, alimwomba mgeni kijana kutoka Marekani, Rye Barcott, kiasi cha fedha kisichozidi dola 26. Akazifanyia biashara ya mboga, na kwa faida yake akafungua zahanati ndogo katika kibanda chake mwenyewe. Zahanati hiyo baadaye ilikua chini ya shirika la Carolina for Kibera, lililoanzishwa mwaka 2001, na ingali ikiitwa kwa jina lake ingawa yeye alifariki mwaka 2004. Mgeni hakuleta fikira ya zahanati. Fikira ilikuwapo, ujuzi ulikuwapo, na ushujaa ulikuwapo. Kilichokosekana ni mtaji ambao kwa mtu wa mjini ni bei ya chakula cha jioni. Wataalamu wa dunia walipokutana Melbourne mwaka 2014 na kuafikiana juu ya maana ya taaluma hii, walitaja maarifa ya wenyeji kuwa ni moja ya nguzo zake pamoja na nadharia za vyuoni. Kisumu Ndogo ilikuwa imekwisha kulitenda jambo hilo kabla halijaandikwa.

Chukueni mfano wa matanga. Mtu wa Nyanza akifa hapa Nairobi, maiti yake haina budi kurudishwa nyumbani, na jirani hukusanyika jioni baada ya jioni kuchanga nauli, jeneza na chakula cha wafiwa. Mgeni atazamaye kwa jicho la hesabu huona upotevu: familia inayodaiwa kodi, watoto waliofukuzwa shule kwa karo, na maelfu ya shilingi yaenda kwa mtu ambaye hahisi tena. Lakini aliyekaa nao ajua kwamba mchango ule ndiyo bima yao. Daftari ya wachangaji huhifadhiwa. Anayechanga leo atachangiwa kesho, na asiyechanga atabaki peke yake siku ya mauti, na siku ya ugonjwa, na siku ya moto. Mtumishi anayewashauri waache matanga anawashauri wajitoe katika bima ya pekee iliyopata kuwafidia. Wajibu wake ni kukaa na wafiwa, kujua ni nani miongoni mwao atakayesahauliwa shughuli zikiisha, aghalabu mjane kijana asiyekuwa na mtoto wa kiume, na kumsaidia aseme mwenyewe analotaka kuhusu maisha yake: arudi kwa wakwe, arithiwe, au abaki mjini na biashara yake.

Hapo tumeingia katika maadili. Padri Felix Biestek, katika kitabu chake cha mwaka 1957, alizitaja kanuni saba za uhusiano baina ya mtumishi na anayemhudumia, na miongoni mwazo ni kutohukumu, kumwachia mtu haki ya kuamua mambo yake, na kutunza siri. Vyuo vyetu hufundisha kanuni hizo mpaka leo, nami naona ni vyema. Lakini Biestek aliandika akiwa na ofisi akilini: chumba chenye mlango, kiti cha mgeni, kabati la majalada lenye ufunguo, na mtumishi ambaye jioni hurudi mtaa mwingine. Kisumu Ndogo haina mlango wa namna hiyo. Na wengi wenu mnaonisikiliza, hususan wahudumu wa afya ya jamii, mwaishi papa hapa; mnayemtembelea Jumanne mwakutana naye Jumatano mferejini, Alhamisi katika chama, na Jumapili kanisani, na mumewe hunyolewa katika duka la kinyozi la nduguyo. Faragha ambayo mwenzetu wa ofisi ya namna hiyo hupewa na ukuta, sisi twalazimika kuitengeneza kwa akili na kwa ulimi.

Nichukue mfano wa kubuni, ambao hata hivyo kila mmoja wenu ameuona kwa sura hii au ile. Mama mmoja afua nguo za watu katika mitaa ya juu, anatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, na hajamwambia mtu ila muuguzi wake. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 yamlinda: habari zake haziwezi kutolewa bila ya ridhaa yake. Mtumishi aijua sheria hiyo, naye hajapata kutamka neno. Ila huja kumtembelea amevaa fulana yenye nembo ya mradi ambao mtaa mzima wajua kuwa huhudumia wagonjwa wa maradhi hayo, husimama mlangoni mchana watu wakianika nguo, na hubisha hodi. Siri imekwisha kutoka. Mwenye ploti ameona, mama mboga wa kibandani ameona, na watoto wameona. Kesho mama huyu atahama, na akihama atakuwa mbali na kliniki, na akiwa mbali na kliniki ataacha dawa. Kisheria mtumishi hakuvunja kitu, lakini amana ameipoteza.

Basi afanye nini? Amuulize mama mwenyewe tangu siku ya kwanza: nikujie wapi, saa ngapi, nimevaa nini, na nikikutwa niseme mimi ni nani kwako? Maswali hayo manne si kanuni ya kitabu chochote nilichokisoma, lakini nayaona kuwa ni adabu ya lazima. Yupo atakayependelea kukutana kanisani baada ya ibada, yupo atakayetaka waonane katika soko la Toi baina ya mitumba, mahali penye kelele za watu wengi ambapo hakuna anayesikiliza, na yupo atakayesema njoo tu nyumbani, lakini ukifika tuongee Kijaluo polepole, kwa kuwa jirani wa ukuta huu hakisikii. Ndani ya chumba cha mabati sauti ya mtumishi iwe chini, naye asimlazimishe mtu kujibu kwa maneno jambo ambalo aweza kulijibu kwa kutikisa kichwa. Kadhalika ridhaa ya fomu. Kidole kilichotiwa wino juu ya karatasi ya Kiingereza ambayo mwenye kidole hakusomewa hakina maana yoyote. Na mtu mwenye njaa ambaye adhani kuwa akikataa kupigwa picha mwanawe atakosa karo hajapewa nafasi ya kukataa.

Lakini siri ina mpaka, na kijana asiyeujua mpaka huo atafanya madhara makubwa kuliko yule mropokaji. Msichana wa miaka kumi na miwili akikuvuta kando na kusema, nataka kukuambia jambo lakini uniapie kwamba hutamwambia mtu, usiape. Mwambie kwa upole kwamba utalitunza neno lake, ila kama kuna anayemdhuru utalazimika kuwaambia wale wawezao kuzuia madhara, na kwamba utamweleza ni akina nani kabla ya kuwaendea. Huenda akanyamaza siku hiyo, na kimya hicho kitakuumiza moyo. Lakini mtoto aliyeapiwa kisha akavunjiwa kiapo hatasema tena kwa mtu mzima yeyote. Akisema kwamba ameingiliwa na mjomba, au na mwenye ploti, au na mwalimu, huna saa za kupoteza: apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, maana dawa ya kuzuia maambukizo ya virusi haifai kitu baada ya hapo, aarifiwe afisa wa watoto, ifunguliwe kesi polisi kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, na kwa asiyejua pa kuanzia, ipo simu ya watoto, namba 116, isiyolipiwa.

Mtakutana na wazee watakaosema kwamba jambo hili ni la nyumbani, kwamba mkosaji atatozwa kitu, familia zitapatana, na jina la mtoto litasitiriwa. Nawaheshimu wazee, na katika ugomvi wa mipaka, wa deni, wa mke na mume waliorushiana maneno, hakuna mahakama iwezayo kuwapita. Katika hili nawapinga waziwazi. Sitara hiyo humfunika mkosaji, na mtoto hubaki akimwona kila asubuhi katika kichochoro kilekile. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 yarudia hayo hayo kwa upana. Mtumishi asisimame mbele ya wazee kama mtu aliyekuja na sheria ya kigeni. Awaombe wawe mashahidi wa usalama wa mtoto, na wengi wao, wakiombwa kwa heshima, hukubali.

Juu ya fedha nitasema machache. Msaada wa serikali wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni mdogo mno kwa kuitunza familia na ni mkubwa vya kutosha kuwagombanisha majirani, hasa orodha ya wapokeaji inapoandikwa kwa siri na watu wachache. Orodha isomwe barazani, kila mtu apate kuuliza kwa nini fulani yumo na fulani hayumo, ila sababu za ugonjwa zisitajwe kwa yeyote.

Na mwisho kuna jambo ambalo halizungumzwi katika vyuo vyetu, nalo ni miradi kufa. Wafadhili huja na huondoka. Hata lile shirika kubwa la Madaktari Wasio na Mipaka, lililohudumia Kibera kwa miaka mingi, lilikabidhi kliniki yake ya Kibera Kusini kwa serikali ya kaunti mwaka 2017, na lilifanya hivyo kwa utaratibu, likiwa na mtu wa kukabidhiwa. Miradi midogo haina wa kuikabidhi. Fedha zikikatika, mwenye ploti hufunga ofisi kwa ajili ya kodi, na ndani hubaki majalada: majina ya watoto waliodhulumiwa, matokeo ya vipimo, habari za ndoa zilizovunjika, picha, namba za vitambulisho. Maduka ya mtaani hufungia bidhaa kwa karatasi zilizotumika, nanyi mwajua hivyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema kwamba habari za mtu zisihifadhiwe muda mrefu kuliko inavyohitajika, zilindwe zisifikiwe na asiyehusika, na kwamba mwenyewe ana haki ya kuziona na kuomba zisahihishwe. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya makampuni ya simu peke yake.

Kwa hiyo kila mradi unaofunguliwa katika Kisumu Ndogo, iwe hapa Kibera au kule Korogocho, na uandike siku yake ya kwanza, kabla ya kumwandikisha mtu wa kwanza, ni nani atakayeshika majalada siku ya mwisho, yapi yatakabidhiwa kwa afisa wa watoto au hospitali kwa sababu mhusika angali akihitaji huduma, na yapi yatachomwa mbele ya mashahidi. Na kabla ya kuchomwa, aitwe kila mwenye jalada ambaye angali akipatikana, asomewe yaliyoandikwa juu yake kwa lugha anayoielewa, naye aseme kama ni kweli, na kama angependa kulichukua nyumbani kwake.